Kazi ya Nyumbani Haina Risiti

Mwanamke akiachwa, mara nyingi ndugu zake mwenyewe ndio wanaowahi kumuuliza: hati ya nyumba ina jina la nani? Akijibu kuwa ni la mume, anaambiwa asijisumbue, achukue watoto na nguo zake arudi nyumbani. Wanamwambia hivyo kwa nia njema. Lakini naamini ushauri huu umewakosesha wanawake wengi wa Tanzania haki yao hata kabla hawajafika mbele ya hakimu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi hivyo. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa, inapotoa talaka au amri ya kutengana. Hakimu anatakiwa aangalie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Anaangalia pia madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya wote wawili, mahitaji ya watoto wadogo na mila za jamii yao. Jina la mtu mmoja kwenye hati linampa pa kuanzia tu, na mwenzake anaweza kulipinga kwa ushahidi.

Neno "kazi" lilizua ubishi mkubwa. Wapo majaji waliosema kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke, kwa hiyo si mchango. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilimaliza ubishi huo: kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Kinachosahaulika ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona alikuwa amezitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia. Wanawake waliokuja baada yake ndio waliovuna matunda ya shauri lake.

Miaka zaidi ya arobaini imepita, na sasa kinachogomba ni ushahidi. Mahakama ya Rufani imesisitiza katika mashauri kadhaa, likiwemo la Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo, kwamba anayedai mgawo lazima athibitishe kiasi cha mchango wake. Kwenye karatasi inaonekana ni haki kwa wote. Mbele ya hakimu mambo ni tofauti. Mume anakuja na hati ya mauziano ya kiwanja, risiti za saruji na mabati, na barua ya mkopo wa benki. Mke aje na nini? Aliamka alfajiri akateka maji ya kujengea, akawapikia mafundi, akalea watoto ili mwenzake aende kazini bila wasiwasi. Nani aliwahi kumwandikia risiti?

Kwa maoni yangu, Bunge lingeugeuza mzigo huu wa kuthibitisha. Kifungu cha 114 chenyewe kinaitaka mahakama ielekee kwenye usawa baada ya kupima mambo hayo. Basi kwa ndoa iliyodumu miaka, hakimu aanzie kwenye nusu kwa nusu, na anayetaka zaidi ya nusu ndiye alete ushahidi. Majirani zetu wa Kenya wamelijadili hili pia: Januari 2023 Mahakama ya Juu yao ilisema usawa wa wanandoa katika Katiba haumaanishi kila mmoja anabeba nusu moja kwa moja. Hoja yao naielewa, maana mtu aliyeolewa juzi hawezi kudai nusu ya nyumba iliyojengwa kabla hajaja. Lakini ninachopendekeza kinaacha mlango wazi kwa mwenye ushahidi wake. Tofauti ni kwamba asiye na karatasi hatolewi nje tangu mwanzo.

Kabla sheria haijabadilika, tafuteni mashahidi. Fundi aliyejenga, mjumbe wa mtaa, jirani aliyekuona ukisimamia tofali, daftari la kikoba lililoonyesha mkopo ulikwenda wapi, ujumbe wa simu wa pesa ulizotuma dukani, vyote hivi ni ushahidi. Na mlio bado kwenye ndoa mjue kuwa nyumba mnayoishi haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzako, hata kama jina si lako. Unaweza kuiwekea zuio mapema.

Mahali pengine watu wanapojikwaa ni baraza la usuluhishi wa ndoa. Isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria, kama vile kutelekezwa na mwenza asiyejulikana alipo, huwezi kufungua shauri la talaka kabla baraza halijashindwa kuwapatanisha na kutoa hati ya kusema hivyo. Mashauri yamefika hadi Mahakama ya Rufani, kisha yakafutwa yote kwa sababu hati hiyo haikuwepo au ilikuwa na kasoro. Wanandoa wa Kiislamu nao wasidhani talaka aliyoitamka mume imemaliza kila kitu. Mgawanyo wa mali unahitaji mahakama, na kufika huko lazima upitie barazani.

Kuhusu watoto, sheria inachukulia kwamba aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama, ingawa inaweza kuthibitishwa vinginevyo. Wajibu wa baba wa kutoa matunzo unabaki hata kama mtoto hakai kwake. Akiacha kulipa, mama arudi mahakamani kuomba amri ikaziwe, jambo linalochosha hasa kwa mama wa kipato kidogo anayeacha genge lake kila shauri linapoahirishwa. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu anayelala njaa hapo ni mtoto.

Kuna kitu kimoja nawaomba ndugu wa pande zote mbili. Kwenye vikao vya familia, msimpe mtu aliyetoka kuachwa karatasi ya kusaini kwamba hana madai yoyote. Mwacheni kwanza aende kwa msaidizi wa kisheria. Wasaidizi hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo.