Kuchora kisichoonekana: anayekataza ana hoja, anayechora naye anayo

Ukimwambia mtu achore ng'ombe hamtabishana sana, ng'ombe yupo kila mtu kamuona. Mwambie achore neema, au roho, au umoja wa Mungu, hapo ndo kazi inaanza maana hakuna aliyewahi kuviona hivyo akaja kusema hapana bwana hujapatia. Ndo maana watu wamegawanyika tangu zamani, kuna wanaosema usiguse kabisa na kuna wanaosema bila picha imani inabaki maneno matupu, na mi naona kila upande kuna kitu unakificha.

Tuanze na wanaokataza, maana siku hizi wanachukuliwa kama washamba tu wasiopenda sanaa. Sio kweli. Kule Bizanti, ile dola ya Kikristo ya Wagiriki iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli (Istanbul ya leo), karne ya 8 watawala walipopiga marufuku picha takatifu walikuwa na hoja kali: ukimchora Kristo umechora nini hasa? Kama ni ubinadamu wake peke yake basi umemkata vipande viwili, na kama unasema umechora na uungu wake basi umeufungia kwenye kipande cha ubao. Jibu la Yohane wa Damasko, mtawa aliyezitetea picha wakati huo huo, nalo si dogo, yeye alisema Mungu asiye na mwili kweli hachoreki, ila Kristo alikuja na mwili akaishi na watu, sasa kwa nini asichorwe? Mtaguso wa Nisea wa mwaka 787, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukasimama upande wa picha, kwamba heshima unayoipa picha inaenda kwa aliyechorwa sio kwa mbao na rangi. Ugomvi ulirudi tena baadaye ukaja kuisha 843.

Ila angalia vizuri, hoja ya Yohane inamlinda anayemchora Kristo, haimlindi anayemchora Mungu Baba. Na hapo ndo Michelangelo anapoingia. Dari ya kanisa la Sistine kule Vatikani, ambayo mchoraji huyo Mwitaliano aliimaliza 1512, ina yule mzee wa ndevu nyeupe anayemnyooshea Adamu kidole. Kanisa lenyewe linafundisha kwamba Mungu hana mwili wala umri, lakini wangapi wakifumba macho kuomba wanamuona babu yule yule? Picha imeshinda mafundisho. Na haijashinda kwa ubaya wake, imeshinda kwa sababu ni nzuri mno, kazi mbovu haiwezi kumteka mtu kiasi hicho. Kwa hiyo ile hofu ya wanaokataza haikuwa ya bure.

Miaka kama mia hivi kabla ya hapo mchoraji Mrusi Andrei Rublev alikuwa ameukwepa mtego huo huo. Alitakiwa kuonyesha Utatu, yaani Baba, Mwana na Roho Mtakatifu kama Mungu mmoja, akachora malaika watatu wamekaa mezani, kikombe katikati, nyuso karibu zinafanana, vichwa vimeinama kidogo na ukifuata mistari ya miili yao jicho linazunguka tu halitoki. Yupi ni Baba? Wataalamu wanabishana mpaka leo na mi nadhani ubishi huo ndo ushahidi kwamba alifaulu, picha inakupa umoja bila kukupa sura ya kwenda nayo nyumbani.

Wanaokataza nao wana kitu wanachoficha. Wanakataa rangi lakini wanasema mkono wa Mungu, kiti chake cha enzi, nuru yake, sasa hiyo ni nini kama sio kuchora kwa mdomo? Na hata walioacha kuchora sura hawakuacha kutafuta umbo. Nenda Alhambra, jumba la wafalme Waislamu kule Granada, Hispania, nyota inazaa nyota nyingine ukutani, hakuna pa kuanzia wala pa kuishia, na maandishi yanajirudia kila mahali kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Kwenye kuta hizo hakuna uso hata mmoja ila ujumbe wa Mungu mmoja asiye na mwisho uko wazi kabisa. Kule Sanchi India nako, kwenye michoro ya mawe ya zamani, Buddha anaonyeshwa kwa nyayo, gurudumu, au kiti kitupu chini ya mti. Kwa hiyo ugomvi kumbe sio umbo au hakuna umbo, ni umbo gani.

Kuna wanaoamini sanaa ya kufikirika, ile ya rangi na maduara tu, ndo imemaliza tatizo. Mi nasita. Hilma af Klint wa Sweden alitengeneza kazi 193 kati ya 1906 na 1915 akisema anaongozwa na roho, na ni kazi nzuri kweli, lakini bila daftari zake nani angejua kwamba buluu kwake ni kike na njano ni kiume? Mtazamaji wa Rublev alikuwa amekulia ndani ya lugha ile, mtazamaji wa Hilma anahitaji maelezo pembeni ya turubai. Ukikwepa sanamu unaweza kuangukia kwenye fumbo la mtu mmoja. (Na zile picha za mitandaoni za mtu anang'aa kifuani na galaksi nyuma yake tusizihesabu, taa sio roho.)

Mimi naegemea kwa wanaochora, ila sababu yangu kubwa haiko kwa mtazamaji. Watawa wa Kibudha wa Tibet wanapanga mandala, mchoro mtakatifu wa duara, kwa mchanga wa rangi kwa siku kadhaa, punje kwa punje, ikikamilika wanaifagia na mchanga unamwagwa kwenye maji. Wao kile kitendo cha kuitengeneza ni ibada tayari, kama vile wachoraji wa ikoni, zile picha takatifu za Kikristo, wanavyofunga na kusali kabla ya kushika brashi. Ugomvi wa Bizanti ulihusu sana picha iliyokwisha kuchorwa na anayeitazama, lakini ibada ikiwa ni kule kutengeneza, anayekataza anabakiwa na sharti moja tu la kumwekea mtengenezaji, kwamba ukimaliza basi ifute. Watawa wale wangemjibu sawa, tulishafanya.