Kumlea mwandishi chipukizi: ngazi ya kupandia au mzigo usiohesabiwa?

Mwandishi wa nyaraka za kiufundi akishakaa kazini miaka sita au saba hufika mahali ambapo ngazi inakatika. Alianza akiwa chipukizi, akawa mwandishi kamili, akaitwa mwandamizi, na kuanzia hapo hakuna tena cheo kinachopatikana kwa kuandika vizuri zaidi. Mwongozo wa mtumiaji uliokuwa safi mwaka jana, ukiwa safi zaidi mwaka huu, ni wachache watakaoona tofauti. Hapo ndipo anapopewa ushauri ambao wengi wetu tumeusikia: chukua chipukizi mmoja au wawili, walee, nawe utapanda.

Nimeufuata ushauri huo kwa miaka kadhaa, na naamini una ukweli ndani yake. Kinachonisumbua ni wepesi unaotolewa nao, tena aghalabu na watu ambao si wao watakaolipa gharama yake.

Nianze na faida, kwa sababu naona haielezwi sawasawa. Husemwa kwamba kulea kunakufanya uonekane kiongozi. Huenda. Faida niliyoiona mimi iko karibu zaidi na kazi yenyewe. Chipukizi mmoja niliyekuwa nikimlea aliniletea rasimu ya maelekezo ya kuhamisha hifadhidata kutoka seva moja kwenda nyingine. Hatua ya 4 ilisema: "Endesha amri ya kusafisha seva ya zamani." Chini yake, ndani ya kisanduku cha manjano, kulikuwa na onyo: "Hakikisha umechukua nakala rudufu kabla ya kuendesha amri hii." Lugha ilikuwa safi, vitenzi viko mahali pake, namba za hatua zinafuatana. Mkono wangu ulikuwa tayari kulipandisha lile onyo juu ya hatua na kuendelea na mengine. Ni kazi ya sekunde kumi. Nikajizuia, nikamwuliza, "Msomaji akifika kwenye onyo hili, vidole vyake vimeshafanya nini?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ameshaifuta." Hakuishia kulihamisha onyo hilo. Alirudi kwenye nyaraka zake nyingine tatu na kulikuta kosa lilelile katika mbili.

Swali lile lilinisaidia mimi kuliko lilivyomsaidia yeye. Kwa miaka nilikuwa nikiweka maonyo kabla ya hatua kwa mazoea, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati, na sikuwahi kulazimika kusema kwa nini. Baada ya siku ile niliandika aya nne kwenye mwongozo wetu wa mtindo kuhusu mahali pa onyo. Miezi michache baadaye wahandisi, ambao huandika sehemu kubwa ya nyaraka zetu za ndani, wakawa wanazitumia aya hizo kusahihishana wenyewe kwa wenyewe. Ujuzi uliokuwa umelala mkononi mwangu ulikuwa umegeuka maneno ambayo mtu mwingine anaweza kuyatumia bila mimi kuwepo. Anayetafuta mwandishi kiongozi anatafuta hasa kitu hicho.

Ndiyo maana mgawanyo wa mtaalamu wa nyaraka Daniele Procida uitwao Diátaxis, unaotenga nyaraka katika aina nne, yaani somo la kujifunzia, maelekezo ya kutenda, rejea na ufafanuzi, umenifaa zaidi katika kulea kuliko katika kuandika. Mwandamizi anayeandika peke yake huhisi tu kwamba ukurasa umevurugika, akaupanga upya. Anayelea hana budi kusema umevurugika wapi: hapa umeanza kumshika mkono anayejifunza, katikati ukammwagia jedwali zima la vigezo, mwisho ukamsimulia jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Kila unapolazimika kutaja ugonjwa kwa jina lake, jicho lako nalo linanoleka.

Watetezi wa kulea wana pia takwimu inayopita mikono mingi, ya kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems. Wafanyakazi wapatao 1,000 walifuatiliwa kwa miaka mitano, na ikaripotiwa kwamba waliokuwa walezi walipandishwa vyeo mara sita zaidi ya wasiokuwa kwenye mpango wa kulea. Mimi siitegemei. Wanaojitokeza kulea wenzao mara nyingi ndio haohao wenye bidii, wanaojulikana na wakubwa, ambao wangepanda hata bila kumlea mtu. Kuhesabu kupanda kwao kuwa tunda la kulea ni sawa na kusema miavuli ndiyo iliyoleta mvua.

Upande wa pili una utafiti mzito zaidi, na unauma. Mwaka 2017 watafiti Linda Babcock, Maria Recalde, Lise Vesterlund na Laurie Weingart walichapisha matokeo ya majaribio kuhusu kazi zisizopandisha cheo, zile ambazo kila mtu anataka zifanyike lakini anatamani azifanye mwingine. Katika makundi yenye wanaume na wanawake, wanawake ndio waliojitolea zaidi kuzifanya. Ndio pia walioombwa zaidi, na kila walipoombwa walikubali kwa asilimia 76, wanaume kwa asilimia 51. Kulea hakukuwa mada ya majaribio hayo. Lakini mtu yeyote aliyekaa katika idara ya nyaraka anajua jinsi ombi la "msaidie kidogo huyu mgeni" linavyosafiri: humfikia yule ambaye hapendi kukataa, na mwaka unaofuata humrudia yuleyule.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo kulea kulisifiwa katika kila mkutano na hakukuwa na nafasi yake kwenye fomu ya tathmini. Mwaka huo nililea waandishi wawili. Kila rasimu yao nilikuwa naipitia mara mbili au tatu, na kila mapitio yalikula asubuhi nzima, kwa sababu kumwongoza mtu alione kosa huchukua muda mrefu kuliko kulisahihisha. Fomu iliuliza nimetoa nyaraka ngapi. Zilikuwa pungufu ya mwaka uliotangulia, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Mmoja wa wale wawili alipandishwa cheo, na alistahili kabisa. Mimi niliambiwa nijitahidi kuongeza kasi. Tunaambiwa mchumia juani hulia kivulini. Mwaka ule nilichuma juani, na kivuli kikawa cha mwingine. Simlaumu chipukizi. Nawalaumu waliojua saa zangu zinakwenda wapi wakaacha zisionekane.

Kuna pingamizi jingine ambalo sisi waandamizi tunalikwepa: kulea kwa sababu ya cheo kunamfanya nini anayelelewa? Mlezi anayehitaji hadithi ya mafanikio kwenye tathmini yake ana kishawishi cha kumpa chipukizi kazi rahisi zisizoharibika, kuzificha rasimu mbovu kwa kuziandika upya usiku, na kuwa wa kwanza kusimama kazi inaposifiwa. Kishawishi kingine ni cha chini chini zaidi, nacho nimekiangukia mimi mwenyewe: kumfanya awe nakala yako. Siku moja nilirudi kuyasoma maoni yangu arobaini kwenye rasimu moja. Nilipoyapanga, tisa tu yalihusu kitu ambacho kingemkwamisha msomaji, kama kigezo kilichosahaulika au picha ya skrini ya toleo la zamani. Mengine 31 yalikuwa ladha yangu: mimi ningesema "chagua" badala ya "teua", mimi ningeigawa sentensi hii. Chipukizi yule alikuwa ameyafuata yote, moja baada ya moja, kwa adabu. Tangu hapo kila oni ninaloandika hubeba alama: lazima, au maoni tu. Yenye alama ya lazima yamepungua sana.

Mizani hii imezidi kuwa ngumu kwa ujio wa programu za akili mnemba zinazotunga rasimu. Zamani udhaifu wa chipukizi ulionekana juu juu. Sentensi ilichechemea, nawe ukajua pa kuanzia. Sasa ananiletea ukurasa laini usio na kosa la lugha, na ndani yake kuna amri ambayo haipo katika toleo tunalolitoa. Hakuijaribu. Swali ninalouliza kuliko yote siku hizi ni "Umeiendesha mwenyewe, kwenye mashine tupu?" na linalofuata ni "Ulimwuliza mhandisi yupi?" Kupitia rasimu ya namna hii kunachukua muda zaidi kuliko zamani, maana ulaini wake hauonyeshi kosa limejificha wapi. Kwa hiyo gharama ya kulea imepanda. Thamani yake pia imepanda, kwa sababu kampuni zikiacha kabisa kuwapokea chipukizi, baada ya miaka kumi watakosekana wa kuitambua amri isiyokuwepo. Na malezi hayo yana wenyewe wachache. Chama cha Marekani cha waandishi wa kiufundi, Society for Technical Communication, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1953, kilitangaza kufungwa mwanzoni mwa mwaka 2025. Mengi ya yale ambayo chipukizi angeyapata katika mikutano na mafunzo ya chama kama hicho, sasa anayategemea kwa mtu aliyekaa meza ya pili.

Nikipima yote hayo, jibu langu ni kwamba kulea kunapandisha, ila kwa njia ya kuzunguka. Hakuna anayepewa cheo kwa sababu alikuwa mwema kwa wageni. Hupewa kwa sababu amejifunza kuhukumu maandishi asiyoyaandika yeye, na hukumu hiyo ikaacha alama ambazo wengine wanaziona: kanuni iliyoandikwa, orodha ya ukaguzi inayotumika, wahandisi wasiouliza swali lilelile mara tatu. Mlezi anayesahihisha kimya kimya kwa miaka mitano hana alama hata moja, hata kama ameokoa nyaraka mia. Na mahali ambapo saa za kulea hazihesabiwi, namshauri mwandamizi asikubali kwa aibu. Anaweza kumjibu chipukizi maswali kwa ukarimu bila kubeba jukumu zima.

Kathy Kram, aliyechunguza mahusiano ya kulea kazini mwanzoni mwa miaka ya 1980, alionyesha kwamba uhusiano huo una hatua zake, na mojawapo ni kutengana. Jambo hilo nilikuwa silipangi. Malezi yangu yalikuwa yakififia tu. Safari ya mwisho nilipoombwa kumlea mtu, nilikwenda kwa meneja na karatasi yenye mistari minne: saa nne kwa wiki, nyaraka mbili zipunguzwe kwenye mgawo wangu, jambo lenyewe liandikwe kwenye malengo yangu ya mwaka, na mwisho uwe baada ya miezi tisa. Alikubali mitatu. Ule wa nyaraka mbili aliufanya moja, nami nikakubali. Jumatatu iliyofuata chipukizi alileta rasimu yake ya kwanza, na tukaanza na hatua ya 1.