Mchungaji, vibaka na mama wa dagaa

Huku kwetu Kirumba, Mwanza, siku hizi mabishano ni mamoja tu, yule mchungaji anayekesha na vijana wa kijiweni. Kuna wanaosema anatuokoa, kuna wanaosema anafuga vibaka. Mimi niko upande wake, ila wanaompinga nao wana hoja na tusiwazibe mdomo.

Kazi yake utaielewa siku za mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, mwezi ukiwaka mitumbwi inakaa nchi kavu, pale soko la samaki la Mwaloni mizigo inapungua na dogo aliyezoea kubeba akapata hela ya kula anarudi mikono mitupu siku kadhaa mfululizo. Ndo hapo roba zinaanza, watu wanakabwa na kuporwa, kwenye vile vichochoro vya kupanda mlimani katikati ya mawe. Mchungaji kalenda hiyo anaijua. Saa nne usiku anashuka na chupa ya chai na mkate, anakaa nao juu ya jiwe, wala hahubiri, anauliza nani kala na nani kafukuzwa kwao. Juzi kati dogo alidakwa na simu ya wizi, watu washaokota mawe na tairi lishaletwa, baba mchungaji akamkumbatia akawaambia basi mtupige wote. Dogo yuko hai, na ulinzi shirikishi walifika mambo yameisha.

Sasa ile simu ilikuwa ya mama muuza dagaa. Alikabwa mpaka shingo ikavimba, simu akarudishiwa kioo kimepasuka, kesho yake anapita kanisani anamuona yule yule anakunywa chai, na yeye hakuna hata aliyemuita akapewa pole. Hapo mchungaji kakosea kabisa, huwezi kumponya aliyekaba ukamsahau aliyekabwa.

Wanaosema kiongozi wa dini abaki madhabahuni waiangalie Boston kule Marekani, mwaka 1992 vijana walimshambulia mwenzao ndani ya kanisa msiba ukiendelea, wachungaji akina Eugene Rivers, Jeffrey Brown na Ray Hammond wakaungana wakaingia mitaani usiku. Mauaji yalikuwa 152 mwaka 1990, mwaka 1999 yakawa 31. Ila tusiwape wao sifa zote, polisi nao walikuwa na mpango wao wa kuyabana magenge huku wanawapa vijana njia ya kutokea, na miaka hiyo uhalifu ulikuwa unashuka Marekani nzima.

Kuna wanaotaka awe anapeleka majina kituoni. Nakataa, maana siku difenda ya polisi ikitokea kijiweni baada ya yeye kuondoka, hakuna dogo atakayemfungulia moyo tena. Lakini akijua leo kuna mtu anakwenda kuchomwa kisu hawezi kukaa kimya, na hilo awaambie mapema, chai ikiwa bado ya moto: siri zenu natunza, damu sifichi.

Halafu chai haimtoi mtu kijiweni. Halmashauri inatenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vijana, ila mpaka muwe kikundi kilichosajiliwa, na wengi wa hawa hata namba ya NIDA hawana. Kanisa lina watu wa kuwashika mkono kwenye hizo fomu, waanzie hapo.

Na yule mama aitwe, akiridhia, dogo amlipe kioo chake kwa kumbebea ndoo za dagaa giza likirudi.