Barua iliyoifungia serikali ya Marekani

Kila serikali ya Marekani inapofunga ofisi, swali hurudi vijiweni: taifa tajiri kiasi kile linakosaje hela ya kulipa watumishi wake? Hela ipo. Kinachokosekana ni ruhusa.

Katiba yao inasema fedha haitoki hazina bila sheria iliyopitishwa na Kongresi, yaani bunge lao. Rais ana majeshi na ana saini, ila ufunguo wa kabati hana. Mwaka wa fedha huanza Oktoba 1, na kabla ya hapo miswada 12 ya matumizi inatakiwa iwe imepita mabaraza yake yote mawili, la Wawakilishi na Seneti. Seneti kwa kawaida hudai kura 60 kati ya 100 ili kufunga mjadala, kwa hiyo wachache waliokaza shingo wanatosha kukwamisha kila kitu. Kwetu Tanzania Bunge likikataa bajeti, ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja. Kule hakuna wa kumvunja mwenzake. Watatunishiana misuli mpaka mmoja achoke.

Ila hilo la kufunga ofisi halimo kwenye Katiba. Zamani bajeti ikichelewa, makarani waliendelea kugonga mihuri wakijua fedha itaidhinishwa mbele ya safari. Aprili 1980, Benjamin Civiletti, Mwanasheria Mkuu wa Rais Carter, aliisoma upya sheria ya karne ya 19 inayokataza idara kutumia fedha zisizoidhinishwa, akamwandikia Rais barua: idhini ikikoma, kazi isimame. Siku chache baadaye tume inayosimamia ushindani wa biashara ikafungwa kwa siku moja. Maoni ya mwanasheria tu, wala hayakupigiwa kura.

Tangu hapo kufunga ofisi ni silaha. Desemba 2018 Trump alitaka dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpakani, Wademokrati, chama pinzani, wakagoma, ofisi zikafungwa siku 35. Watumishi wapatao 800,000 hawakulipwa, na zaidi ya nusu yao walitakiwa kazini vilevile. Hebu mwone mwongoza ndege, macho kwenye rada, hati yake ya mshahara inasoma sifuri. Januari 25, 2019 waongoza ndege wachache hawakutokea kazini, ndege za kwenda LaGuardia, New York, zikazuiwa kwa muda, na siku ileile Trump akalegeza. Wataalamu wa bajeti wa Kongresi walikadiria uchumi ulipoteza dola bilioni 11, na 3 kati ya hizo hazitarudi. Yaani hasara ilikuwa karibu mara mbili ya hela waliyokuwa wakiigombania!

Wabunge wenyewe? Walilipwa. Mishahara yao ina sheria yake ya kudumu, haingoji bajeti ya mwaka. Mimi hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu dawa wanaijua: sheria fupi ya kusema bajeti mpya ikichelewa, ya mwaka jana iendelee. Miswada ya namna hiyo imepelekwa zaidi ya mara moja, ikafia humohumo. Oktoba 1, 2025 wakafunga tena, safari hii siku 43.