Barua ya malalamiko kwenye pepa la Kiingereza: maksi ziende wapi?

Juzi nilikuwa nasahihisha mazoezi ya fomu foo, na swali lenyewe ni lile ambalo kila aliyepita sekondari hapa Tanzania analijua: muandikie meneja wa mamlaka ya maji barua ya kulalamikia ukosefu wa maji mtaani kwenu. Kuna barua mbili zimenikaa kichwani mpaka sasa hivi.

Ya kwanza fomati imenyooka kabisa. Anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya mpokeaji kushoto, Dear Sir, kichwa cha habari herufi kubwa na kimepigwa mstari, mwisho Yours faithfully, sahihi na jina. Ndani sasa: "Refer to the heading above. I am writing to complain about lack of water. Water is life. Water is very important to people, animals and plants. I hope you will work on it." Basi, kamaliza.

Ya pili ina anwani moja tu, haina kichwa cha habari, kaanza na salamu za kumjulia hali meneja kama anamuandikia shangazi yake, grama inachechemea. Ila dogo kaandika: "Since 3 March we don't get water. One bucket is 500 shillings and my mother buy six buckets everyday. But the bill is coming 14,000. Tell us which day the water will come and remove that bill." Yaani 3,000 kila siku inatoka mfukoni kwa mama yake na bili inakuja vilevile.

Kwa mgawo wa maksi tuliouzoea pale shuleni, wa kwanza kampita wa pili kwa maksi nne, na mi ndo niliyezitoa hizo maksi.

Sasa wanaotetea fomati wana hoja, tena nzito, wala sitaki kuwapuuza. Mwanafunzi ambaye Kiingereza kinampiga chenga, fomati ndo sehemu pekee anayoweza kukaa akaishika na akaingia nayo kwenye chumba cha mtihani akiwa na uhakika, ukimnyang'anya hiyo unamuacha na nini? Halafu kwenye maisha yenyewe anwani na tarehe si mapambo. Aliyewahi kupeleka malalamiko ofisini anajua, unaenda na nakala yako, pale mapokezi wanakugongea muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, siku wakikwambia hatujawahi kuona barua yako unaitoa. Barua isiyo na tarehe wala jina la mpokeaji inazunguka tu kwenye meza za watu.

Na kuna jambo jingine ambalo huwa halisemwi sana. Madogo zetu wamelelewa kwamba ukimkosoa mkubwa umekosa adabu, ndo maana kwenye barua zao utakuta "I beg you sir, I kindly beg you", ni ile "naomba" yetu wameihamisha nzima nzima, wakati mtu aliyelipa bili haombi, anadai huduma yake. Hii barua inawafundisha kudai haki bila kutukana na bila kupiga magoti, na mi naamini kwa dhati hicho ni kitu kikubwa kwa mtoto wa miaka 17.

Upande wa pili nao. Ile "Refer to the heading above" imetoka wapi? Ni "Husika na kichwa cha habari hapo juu" ya barua zetu za Kiswahili, imevalishwa Kiingereza, na mwanafunzi ameikremu bila kujiuliza inamsaidia nini anayesoma. Tukijaza maksi kwenye kiunzi tunamwambia kwamba kiunzi kinatosha. Angalia IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hasa ile ya General Training wanayofanya wengi wanaotaka kuhamia Kanada: barua ni ya dakika 20, maneno yasipungue 150, na maelekezo yanakwambia kabisa huna haja ya kuandika anwani yoyote. Wanachoangalia ni kama umejibu vile vipengele vitatu vilivyo kwenye swali, mpangilio wako, misamiati na grama. Nimesaidia ndugu yangu kujiandaa na huo mtihani, kilichomsumbua haikuwa kuanza wala kumaliza barua, ilikuwa kueleza tatizo lenyewe likaeleweka.

Wapo pia wanaosema kwanini hii barua iwe ya Kiingereza wakati ofisi ya maji ukiandika Kiswahili inasomwa vizuri tu, na tangu 2021 hata mahakamani sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Ni kweli, ila mi hapa sikubaliani nao sana, maana kupanga lalamiko ni ujuzi mmoja, ukiupata kwa lugha moja unahama nao. Shida ni pale usipoupata kwa lugha yoyote.

Kwahiyo msimamo wangu, barua ibaki na fomati ibaki, lakini kwenye usahihishaji wetu wa mashuleni maksi nyingi ziende kwenye vitu vitatu: nini kimetokea na lini, kimekugharimu nini, unataka wafanye nini. Meneja akimaliza kusoma ile barua ya kwanza hajui maji yamekatika tangu lini. Akisoma ya pili anajua tarehe, anajua bili, anajua anadaiwa jibu gani.

Nilipowarudishia madaftari nikawaambia wote waandike upya. Yule wa barua ya kwanza, binti mwenye bidii kwelikweli, akanyoosha mkono: "Ticha, niandike maji yalikatika lini? Mbona swali halijasema?" Nikarudi kulisoma swali nililotunga mwenyewe. Mstari mmoja. Halikuwa na tarehe, halikuwa na bili, na hakuna mahali lilipomtaka azitafute. Wiki hii nimelitunga upya, nimeweka vipengele vitatu chini yake, na nimewaambia kila mmoja aende akamuulize mtu wa nyumbani kwao ndoo ya maji ananunua bei gani.