Pengo la saa 30, adhabu ya mwaka mzima: kuhama chuo kwa mwanafunzi wa uhandisi

Jioni moja nilikaa mezani na mpwa wangu, mbele yetu mitaala miwili ya shahada ya uhandisi ujenzi. Mmoja ulikuwa wa chuo cha mkoani alikomaliza mwaka wa pili, mwingine wa chuo cha Dar es Salaam alikotaka kuhamia. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa ameanza kusafishwa damu mara 3 kwa wiki kwa ajili ya figo, na kijana ni mtoto wake wa pekee. Tukashika kalamu nyekundu, tukaanza kulinganisha somo kwa somo. Hesabu za kihandisi zikalingana. Uchoraji ukalingana. Karakana ikalingana. Tulipofika kwenye uimara wa vifaa, lile somo linalofundisha chuma, mbao na zege hufanya nini vikivutwa, vikibanwa au vikipindwa, kalamu ikasimama. Chuo cha kwanza kilikuwa kimelipangia krediti 9, cha pili 12.

Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mihadhara, semina, maabara na kujisomea, vyote ndani yake. Krediti 3 zilizopungua ni saa 30. Tukafungua mada moja moja tuone hizo saa 30 zimejificha wapi. Zilikuwa mada mbili: msokoto wa shafti, yaani mhimili wa mashine unaozunguka, na namna nguzo ndefu inavyopinda na kufyatuka pembeni ikibebeshwa mzigo. Chuo cha kwanza hakikuwa kimezisahau. Kilizipanga mwaka wa tatu. Kijana alikuwa anahama katikati, kabla ya mwaka huo wa tatu, kwa hiyo zingempita pande zote mbili.

“Mjomba, mada mbili tu,” aliniambia. “Nitazisoma likizo.”

Hakupewa nafasi ya kuzisoma likizo. Alipokelewa, akaambiwa aanze masomo ya mwaka wa tatu wakati idara inapitia matokeo yake. Wiki ya sita jibu likaja: somo lote arudie. Somo hilo hufundishwa mara moja kwa mwaka, muhula wa pili, na bila hilo huruhusiwi kuingia uchambuzi wa miundo, na bila uchambuzi wa miundo huwezi kusanifu zege wala chuma. Kozi ya miaka 4 ikawa miaka 5.

Ningeweza kuishia hapo na kulaumu chuo. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na nadhani kulaumu peke yake hakutoshi, kwa sababu wale waliomkatalia walikuwa na hoja, tena nzito.

Uhandisi hausomwi kama masomo yanayosimama kila moja peke yake. Mwanafunzi wa historia akikosa kozi moja ya mwaka wa kwanza anaweza kuifidia baadaye bila mengine kuanguka. Mhandisi anapanda ngazi. Hesabu za kwanza zinabeba za pili, mekanika ya vitu vilivyotulia inabeba uimara wa vifaa, uimara unabeba miundo, miundo inabeba usanifu. Nguzo ya ghorofa haimuulizi aliyeichora kama mada ya kufyatuka ilimpita kwa sababu alihama chuo kumuuguza mama. Mkuu wa idara anayeweka sahihi kwamba kijana huyu yuko tayari kwa usanifu wa chuma anaweka dhamana, na asiposhughulika na mada hizo mbili anakuwa amesaini uongo. Isitoshe, baada ya chuo kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, ambayo kwa Sheria Na. 15 ya mwaka 1997 ndiyo yenye mamlaka ya kuamua nani aitwe mhandisi nchini. Chuo kinachotoa shahada kwa masomo ya kuokotezwa kutoka kwingine kinahatarisha jina lake na usajili wa wote wanaosoma hapo, hata wasiohama.

Kuna hoja nyingine ambayo wanafunzi huwa hawapendi kuisikia. Nafasi za uhandisi zinapimwa kwa meza za maabara, mashine za karakana na wahadhiri, si kwa viti vya ukumbi pekee. Milango ikifunguliwa bila mpaka, wengi watakimbilia Dar es Salaam. Vyuo vya Mbeya, Arusha na kwingine vitabaki na madarasa yenye mapengo, wakati maabara za Dar zitakuwa na wanafunzi kumi wanaochungulia mashine moja. Anayepoteza hapo ni yule aliyebaki mkoani, ambaye mara nyingi ndiye asiye na nauli ya kuhama.

Hizo hoja nazikubali. Ninachokikataa ni bei anayotozwa mwanafunzi.

Tuanze na wanaohama ni akina nani. Kundi kubwa ni mwaka wa kwanza, na kwao mambo ni mepesi. Kijana aliyetoka kidato cha sita na PCM yake, yaani fizikia, kemia na hesabu, huomba vyuo kadhaa. Akichaguliwa zaidi ya kimoja anatumiwa msimbo, anathibitisha kimoja, na wiki chache baadaye anajuta. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ina utaratibu wa uhamisho, na anayehama lazima awe na sifa za kuingilia kwenye kozi anayoiendea. Kwa kuwa hajasoma kitu, hakuna cha kulinganisha. Akiwahi dirisha la uhamisho na nafasi ipo, anahama. Huyu simwonei shaka sana.

Shida inaanza mwaka wa pili, na hapo sababu za kuhama zinachanganyika, njema na mbaya. Wapo wanaokimbia sapu, mitihani ya marudio. Ana sapu tatu, ameanza kubeba kari, yaani masomo aliyofeli anayoyasogeza mwaka unaofuata, anaona disko, kufukuzwa masomo kwa kufeli, linakuja, na anaamini chuo kingine kitakuwa chepesi. Huyo namwambia bila kuzunguka: usihame. Matokeo yako yatakufuata, na aliyekwisha kudisko hahami hata kidogo. Anaomba udahili upya na kuanza mwaka wa kwanza. Wapo pia wanaofuata jina la chuo. Jina lina uzito kwenye ajira, siwezi kusema halina, lakini shahada inayotambuliwa na ERB ni ileile ukiisoma mkoani au Dar, na miaka 4 iliyokamilika inamfaa mtu kuliko miaka 5 au 6 yenye jina kubwa.

Halafu wapo wenye ugonjwa, wao au wazazi wao. Wapo walioingia uhandisi mitambo kwa sababu umeme ulijaa, na chuo chao hakina nafasi ya kubadilisha. Na wapo wanaogundua wakiwa ndani kwamba kozi yao haitambuliwi na bodi ya taaluma. Wenzetu wa Kenya wameonja hili kwa uchungu. Bodi yao ya wahandisi iliwakatalia usajili wahitimu waliosoma miaka 5, na mabishano kuhusu nani mwenye kauli ya mwisho juu ya kozi za uhandisi, bodi au vyuo, yakafika hadi Mahakama ya Juu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesoma habari kama hiyo akaamua kuhama hana uvivu wowote. Anajiokoa. Lakini hata huko Kenya, uhamisho unaopitia KUCCPS, chombo kinachowapangia wanafunzi vyuo, unamtaka awe amefikia alama za kukatia, yaani kiwango cha chini cha kuingilia, za kozi anayoiendea kwa mwaka wake. Aliyezikosa kwa nukta chache wakati wa kuchaguliwa anazikosa tena, hata kama chuoni amekuwa akipata A.

Sasa hesabu ya gharama. Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hupangwa kwa muda wa kawaida wa kozi. Ukihama, taarifa zako lazima zihamishwe kati ya vyuo na Bodi ya Mikopo, na karatasi ikichelewa bumu, fedha ya kujikimu ya mkopo, nalo linachelewa; unakaa mji mpya bila hela ya kula wakati wenzako wameshasaini. Mwaka wa ziada usiutegemee kwenye mkopo. Huo familia ijipange. Nyumbani kwetu mwaka huo ulilipwa na fedha zilizokuwa zimetengwa kwa nauli na dawa za dada yangu. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu kwenye vikao vya idara mwaka wa ziada huonekana kama mstari mmoja kwenye ratiba.

Kuna pia alama. Daraja la kwanza linaanzia GPA, yaani wastani wa alama, ya 4.4 katika mizani ya 5.0. Vyuo vinatofautiana katika kupokea matokeo ya mtu aliyehamia: kuna kinachobeba krediti pamoja na alama zake, na kuna kinachobeba krediti tupu, somo likahesabika kuwa limesomwa lakini A yako isiingie kwenye wastani. Mwanafunzi aliyejenga wastani wake kwa masomo magumu ya mwanzo anaweza kufika chuo kipya akaanza kuhesabiwa kutoka sifuri, na masomo yaliyobaki ndiyo magumu zaidi. Hili lapaswa kuulizwa siku ya kwanza. Wengi huligundua kwenye matokeo ya muhula.

Wanaotetea utaratibu wa sasa husema mfumo wetu hauna uwezo wa kufanya zaidi. Sikubaliani nao, na ushahidi uko karibu. Mwaka 2016 TCU ilipofuta kibali cha vyuo vya Mtakatifu Yosefu vya Songea na Arusha, wanafunzi walihamishiwa vyuo vingine kwa pamoja. Haikuwa rahisi kwao, lakini dola ilipotaka, kulinganisha mitaala kuliwezekana. Tazama na ngazi ya juu. Wahandisi waliosajiliwa wa Tanzania, Kenya na Uganda wana makubaliano ya kutambuana tangu 2012, na mwaka 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza kanda yetu kuwa eneo moja la elimu ya juu. Kwa maandishi, mhandisi anavuka Namanga na taaluma yake mkononi. Mwanafunzi wa uhandisi kutoka chuo cha umma kwenda chuo cha umma, ndani ya nchi moja, chini ya tume moja, kwa krediti za kipimo kimoja cha saa 10, anaambiwa arudie.

Nirudi kwenye zile saa 30, maana ndipo lilipo jambo lenyewe. Chuo kilikuwa sahihi kwamba kijana hajui msokoto na hajui kufyatuka kwa nguzo. Kilikosea kipimo. Pengo la saa 30 lingeweza kulipwa kwa saa 30: mada mbili, mhadhiri mmoja wa kumwelekeza, mazoezi, maabara moja na mtihani wa kweli kabla muhula haujaanza. Akishindwa, arudie somo lote, na hapo sitakuwa na neno. Akifaulu, mkuu wa idara anasaini akiwa na moyo mweupe, na nguzo inabaki salama vilevile.

Nitaambiwa wahadhiri wana mzigo tayari. Ni kweli, wanao. Lakini wanaohama kwenye uhandisi baada ya mwaka wa pili ni wachache kwa kila idara, na ada ya mtihani huo wengi wangeilipa kwa furaha kuliko kulipa mwaka. Jambo la pili ni la karatasi tu na halina gharama: jibu la krediti litoke kwa maandishi kabla mwanafunzi hajaaga chuo chake cha zamani, likitaja somo kwa somo kipi kimepokelewa, kipi hapana, alama zinahesabiwa au la, na tarehe inayotarajiwa ya kumaliza. Kumpokea mtu kwanza na kumweleza wiki ya sita ni kumfungia mlango nyuma. Mpwa wangu angejua mapema, huenda angebaki mkoani muhula mmoja akamalizia zile mada, au angeahirisha mwaka, akauguza, akarudi.

Kuna dawa ya muda mrefu zaidi, ya kupunguza haja ya kuhama kwa ajili ya ubora. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, wa dola milioni 425, ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, unajenga kampasi na maabara mikoani. Maabara ya Mbeya ikiwa na mashine nzima na fundi wa kuiendesha, sababu moja ya kukimbilia Dar imekwisha. Ila majengo hayaondoi ugonjwa wa mzazi, na hayamrudishii kozi yule aliyewekwa mahali pasipo pake akiwa na miaka 19. Watu wataendelea kuhama.

Kwa anayefikiria kuhama muhula ujao, kalamu nyekundu na mitaala miwili ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya fomu yoyote. Usilinganishe majina ya masomo, majina hudanganya. Linganisha mada, krediti, na muhula ambao kila somo hufundishwa. Tafuta lile somo ambalo likikosekana linafunga matatu mbele yake, ulipeleke kwa mkuu wa idara unakokwenda, umwombe jibu lenye sahihi.

Mpwa wangu alikaa darasani muhula mzima kurudia. Asubuhi alikuwa anampeleka mama yake kwenye mashine, mchana anakuwa chuoni. Daftari lake la somo hilo ninalo hapa nyumbani. Kurasa za mwanzo ni nyeupe karibu zote, tarehe juu na mstari mmoja mmoja, kwa sababu yalikuwa mambo anayoyajua. Mwandiko unaanza kujaa kwenye mada ya msokoto, unaendelea kwenye nguzo, kurasa 14 kwa jumla, halafu daftari linakuwa jeupe tena.