Memorial bei inapigiwa kelele, mtandaoni mnaificha ya nini?

Aliyewahi kupita Memorial, soko la mtumba hapa Moshi, anaijua ile sauti. Hujafika hata kwenye meza unasikia "buku mbili buku mbili, chagua mama, buku mbili!" na makofi juu, yaani bei inakufikia kabla hujaiona nguo yenyewe. Nina miaka sita pale nauza magauni ya mtumba na sijawahi kumuona mtu anamnong'oneza mteja bei sikioni. Lakini jioni nikifungua Instagram nakuta watu walewale wa Moshi na Arusha, wengine nazijua hadi meza zao, wameposti gauni zuri, picha imetulia, halafu chini pameandikwa "bei inboksi".

Jamani, kwanini?

Mwezi wa nne nilikuwa natafuta blenda. Nikaiona kwenye ukurasa wa duka moja la Arusha, nikauliza bei, kimya. Baada ya kama masaa matatu naona meseji, "Habari dia, upo wapi?" Nikasema Moshi. "Unahitaji moja au nyingi?" Moja. "Ni ya nyumbani au ya biashara?" Nikajibu na hiyo, bei bado sijaambiwa. Mwisho kabisa ndo nikapewa, 85,000. Mdogo wangu anasoma chuo, tulikuwa tumekaa wote sebuleni, akasema ngoja dada na mimi niulize. Akauliza kwa akaunti yake, akaambiwa 65,000. Tukaziweka simu mbili mezani tukaangalia, blenda ileile, picha ileile, na anayejibu ni yuleyule. Tofauti pekee niliyoiona ni kwamba picha yangu ya profaili nimesimama pembeni ya gari na ya kwake kavaa tisheti ya chuo. Iliniuma sana. Blenda sikuchukua, hata ile ya 65,000 sikuitaka tena, na nikiona posti zao sasa hivi napita tu hata kama kitu nakihitaji.

Najua sababu mnazotoa maana na mimi 2021 naanza kuuza mtandaoni nilikuwa naandika hivyohivyo. Eti wenzako wataiona bei washushe yao. Wenzako wanaijua, tunafungua belo sehemu moja, tunapointi pamoja yaani tunachagua zile nzuri, nani asiyejua gredi wani imetoka shilingi ngapi? Eti mteja akiiona bei atakimbia. Ambaye hana hiyo hela atakimbia tu hata ukimwambia inboksi, ila utakuwa umeshampotezea muda na wewe umechati mchana kutwa na watu ambao hawakuwa wanunuzi. Wengine wanasema watu wakijaa kuuliza "bei?" posti inasambaa zaidi. Sawa, inaweza kusambaa, ila mwisho wa mwezi kodi ya meza nailipa kwa hela ya magauni yaliyotoka.

Na kuna jambo tunalisahau sisi tuliopo mjini, bando. Wateja wangu wengi wako Tarakea, Mwanga, Karatu huko, ni mtu anajiunga bando dogo la siku na ndani ya hilo ana magrupu ya kanisa, ana mtoto aliyeko mbali, ana kikoba. Unamtaka aulize bei kwa wauzaji watano asubirie majibu, bando likikata kabla hujamjibu ndo basi, kesho status imeshapotea maana inakaa masaa 24 tu. Whatsapp Business ipo tangu 2018 na tangu 2019 ina katalogi, ukiweka bidhaa kuna sehemu kabisa ya kujaza bei na ni bure. Watu wanajaza picha, wanajaza maelezo mpaka na dua, ile sehemu ya bei wanairuka!

Kilichonibadilisha moja kwa moja ni ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika mtandao ukawa hovyo nchi nzima. Jumamosi jioni nilikuwa nimeweka status magauni kumi na moja, siku hiyo kwa uvivu tu wa kujibu meseji nikaandika bei juu ya kila picha, 15,000, 18,000, 12,000. Jumapili Whatsapp haifunguki. Mchana simu ikaita, mama mmoja wa Himo, "Mwanangu, lile la bluu lenye vifungo la 15,000 lipo bado?" Lipo mama. "Haya nakurushia hela." Akarusha kwa kubonyeza nyota, kesho yake asubuhi nikampelekea mzigo stendi. Siku ile niliuza matatu bila intaneti kabisa, kwa sababu bei walikuwa nayo kichwani tangu jana yake.

Kuanzia hapo naandika bei kila kitu, naandika na "maongezi yapo" kwa sababu kupatana ni haki ya mteja na hakuna aliyeikataza, mtu anakuja na 13,000 tunaelewana. Meseji zimepungua kweli, mwanzoni nikaogopa, ila zinazoingia sasa ni "nitumie Lipa Namba", "basi linatoka saa ngapi", yaani mtu ameshaamua. Mzigo nikiupakia napiga picha risiti ya basi namtumia, namba ya gari inaonekana, basi.

Kitu kimoja sijakimaliza ni bei ya jumla. Wadada wa Arusha wanaochukua pisi hamsini kwangu kwenda kuuza huko sokoni Kilombero wameniomba nisiiweke hadharani maana wateja wao pia wananifuata mimi mtandaoni, wataona 8,000 na wao wanauza 15,000, na wana nauli, wana kodi, wana watoto. Hapo nawaelewa. Kwa hiyo ya jumla bado naisema kwa simu, ila kila anayechukua hamsini namtajia namba ileile, awe na gari asiwe nalo.